Mwalimu wa Kanda Mbaya

Mwalimu alipiga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika tarumbeta. Kila aliyepitia kikundi chake cha matarumbeta kule Old Moshi anaujua mkono huo. Ulikuja bila taarifa, kiganja wazi, ukakupata shingoni au mgongoni, na kabla hujajua umekosea wapi yeye alikuwa amesharudi kwenye wimbo. Mimi ulinipata kuliko wanaume wote, maana nilikuwa napiga ngoma na nilisimama karibu naye. Siku moja nilimrudishia. Nilimchapa gotini kwa kijiti cha ngoma, akaanguka chini mbele ya kikundi kizima, nasi tukangoja aniue. Akabaki pale chini akilisugua goti lake, akasema, "Manka, ungekuwa unapiga ngoma hivyo tungekuwa tumefika mbali." Tangu siku hiyo hakunigusa tena. Nilikaa kwenye kikundi chake miaka mingi, mwanamke pekee ukimwacha binti yake, Anande.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wa Old Moshi wanajua, na wasio wa Old Moshi haiwasaidii kitu. Alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu, na alifundisha matarumbeta ya kanisa mpaka alipofukuzwa. Alikuwa mfupi, mnene wa shingo, mwenye midomo iliyoota sugu. Alivaa koti la suti juu ya mabuti ya mpira, kiangazi na masika. Akikusalimu alikuangalia masikio, si macho, kama fundi anayekadiria mbao.

Kanda zililetwa na Prosper.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa vimepotea madukani Moshi mjini vilianza kurudi, mitumba ikamwagwa sokoni, redio kaseti zikaingia mpaka kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa, ambavyo havijawahi kuona umeme. Mimi nilikuwa fundi cherehani mjini, na barazani kwetu ulikuwa unasikia dansi la Zaire upande huu na dansi la Dar upande ule. Prosper, jirani yetu mpagazi wa mlimani, naye alitaka hilo hilo. Kumbe Mzungu mmoja aliyekuwa amepanda naye aliugua kule juu, akashushwa kwa machela, na kwa shukrani akawaachia wapagazi kila alichokuwa nacho. Mmoja alipata viatu. Mwingine alipata koti. Prosper akapata mfuko wa kanda.

Alimletea Mwalimu akiwa amenuna. Tulikuwa tumemaliza mazoezi kwenye banda la nyuma, lile lililokuwa na mashine ya kumenya kahawa.

"Shikamoo, Mwalimu. Hizi kanda zimekufa. Nafikiri ni baridi ya kule juu."

"Marahaba. Lete."

Hazikuwa na picha wala jina la kiwandani. Ziliandikwa kwa mkono, kwa lugha ambayo Mwalimu, aliyejua Kiingereza na Kijerumani kidogo cha nyimbo za kanisa, hakuweza kuisoma. Akaingiza moja kwenye redio yake ya spika mbili. Kwanza ulikuja mvumo mzito, wa muda mrefu, tukadhani ni kweli imekufa. Kisha gitaa likapiga kelele. Sisemi lililia, magitaa yote yanalia. Hili lilipiga kelele kama ng'ombe aliyevunjika mguu kwenye mfereji. Nyuma yake mtu akawa anagonga chuma kwa chuma bila kufuata hesabu yoyote, na mwingine akapayuka mpaka sauti ikakatika, akanyamaza kidogo, akaanza tena na kile kipande cha sauti kilichobaki.

Prosper akacheka. Mkono wa kushoto ukampata shavuni.

"Nyamaza," Mwalimu alisema. "Huyu mtu ana shida."

Akasikiliza amesimama, kinywa wazi, mpaka betri zikalegea. Akageuza kanda. Upande wa pili alikuwa bibi mzee anayeimba peke yake, akikwangua chombo cha uzi mmoja, na kati ya beti na beti alikohoa. Mwalimu akakaa chini, juu ya debe. Ilipokwisha alikuwa na machozi, na wala hakujisumbua kuyafuta.

"Na huyu," alisema, "ndiye mama yake yule wa upande wa kwanza."

Hatukujua kama ni kweli. Mpaka leo sijui watu wale walikuwa nani, wala wa nchi gani. Lakini Mwalimu alishaamua, na aliishi na uamuzi ule. Alisema yule kijana anapiga kelele jambo ambalo mama yake analisema polepole, na kwamba sisi wa matarumbeta tulikuwa hatusemi lolote, tulikuwa tunapuliza tu. Akamwomba Prosper radhi ya kofi kwa kumpa ndizi mkungu mzima. Kisha akamwagiza alete zaidi.

Hivyo ndivyo wapagazi wa upande wetu walivyoanza kutafuta kanda mbaya. Prosper alikuwa na elimu yake juu ya jambo hilo. "Mzungu msafi usimwulize," aliwafundisha wenzake. "Huyo ana nyimbo tamu. Mtafute yule ambaye koti limechanika na anao uwezo wa kununua jipya." Kwa kuwa hakuwa na lugha ya kuombea, alishika masikio yake mawili, akakunja uso kama anayeng'olewa jino, kisha akanyoosha kiganja. Wengi walimpa dawa ya maumivu. Wachache walielewa, wakacheka, wakafungua mabegi.

Zikaja. Nyingine zilikuwa na mtu mmoja anayenguruma kwenye bomba, nyingine wazee wanaoimba wakitwanga kitu, nyingine gitaa lililoachwa lijilalamikie lenyewe hadi mwisho wa kanda. Mwalimu akazipa majina: Kanda ya Chuma, Kanda ya Mlevi, Kanda ya Mama na Mwana. Katika mojawapo, katikati ya makelele, mlango unagongwa kwa nguvu, wote wananyamaza, na kanda inaishia hapo. Hiyo ilimkosesha raha. "Walikuja kuwakamata," alisema. "Au ni jirani tu." Aliirudia mara nyingi akijaribu kujua ni mkono wa askari au wa jirani. Mke wake, mama Anande, alizikuta betri za redio zimeanikwa juani kwenye bati ili zipate nguvu tena, akalalamika mpaka njiani kwamba betri za kusikilizia taarifa ya habari zinamalizwa na mashetani.

Baada ya kanda za Wazungu akaanza kuwatafuta bibi zetu. Alisema haiwezekani uzi mmoja na kikohozi viwe vya huko tu. Akawa anapanda na kushuka vihamba, redio begani, akiwauliza wazee nyimbo za kuzibua mifereji, nyimbo za matusi, nyimbo ambazo wamisionari walizizima. Bibi mmoja alimtandika mkongojo wa kichwa, kwa kuwa wimbo aliouulizia ndio uliofanya bibi huyo atengwe kanisani alipokuwa msichana. Mwalimu hakusogea. Bibi alipochoka kupiga aliuimba wote, kwa hasira, akitema mate kila mwisho wa ubeti. Ipo kwenye kanda: mkongojo kwanza, wimbo baadaye. Kati ya alizorekodi, hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Basi na sisi tukabadilishwa. Tulikuwa watano. Mwalimu alichukua wembe akaichana spika ya kipaza sauti cha betri cha gitaa alilonunua mjini ili ikwaruze, na gitaa lenyewe akalifunga nyaya za breki za baiskeli. Pipa la mafuta likawa ngoma yangu. Mashine ya kumenya kahawa ilizungushwa tupu, bila kahawa, na mtu mwenye mkono mzito, ikasaga hewa. Anande alibaki na tarumbeta. Wakati huo alikuwa msichana mkubwa, amemaliza shule, mrefu kumzidi baba yake, na sijapata kusikia mtu mwingine aliyeweza kuishika sauti moja namna ile. Aliishika mpaka ikaacha kuwa sauti, ikawa kitu kilichosimama mbele yako. Mwalimu alipomsikia aliinamisha uso. Huyo hakumpiga. Kila mwenye macho aliliona hilo, na sisi tuliokula makofi kwa niaba yake tulimtania kwamba yeye ni yai.

Watu huniuliza kama ulikuwa muziki. Mimi ninachojua ni kwamba nilikuwa nashinda nimeinama kwenye cherehani nikiambiwa na wateja kwamba nimepunja kitambaa, na jioni nilikwenda nikalipiga lile pipa mpaka viganja vikavuja damu, nikarudi nyumbani mwepesi. Sikuwahi kupata kitu kama hicho kanisani, Mungu anisamehe.

Kanisani tulifukuzwa kwa sababu ya Sanya Juu. Kulikuwa na harusi huko, na wenyewe walituma watu kuomba matarumbeta ya Old Moshi wakitegemea nyimbo za bwana harusi na bibi harusi, sisi juu ya pikapu mbele ya msafara. Mwanzo tuliwapa walichotaka. Tulipofika uwanjani, wakwe wamepangwa, mbege ya ndizi imemiminwa, Mwalimu akainua mkono wa kushoto. Sote tulijua maana yake. Anande akapuliza.

Sijui nani alianza. Nakumbuka mjomba wa bibi harusi akilishika tarumbeta la Anande kwa mdomo wake wa mbele na kulivuta, na jino la Anande likigonga chuma. Nakumbuka Mwalimu akilinyanyua lile tarumbeta kubwa la besi kwa mikono miwili na kumshushia mjomba juu ya bega, sauti ikatoka kwenye besi yenyewe, na Mwalimu kwa sekunde moja akasimama kuisikiliza. Sekunde hiyo ndiyo iliyomponza. Walimwangukia. Viti vilitembea, mtu alinipiga na kata ya mbege usoni, nikamng'ata. Gitaa lilikanyagwa likiwa bado limewashwa, na kelele lililotoa wakati linakufa lilikuwa bora kuliko yote tuliyowahi kupiga. Tulikimbilia kwenye mahindi. Mwalimu alikuwa amevunjwa meno mawili na jicho limefumba, na alikuwa anacheka damu ikimtoka.

"Mmeona?" alituambia. "Wamesikia. Miaka yote tumewapigia nyimbo tamu, hakuna aliyewahi kusikia."

Bibi harusi peke yake hakugombana na mtu. Aliinua gauni lake akaendelea kucheza mpaka sauti ya mwisho. Miaka mingi baadaye aliingia kibandani kwangu kupunguziwa sketi, akanitambua kwa kovu la usoni. Ndoa haikuwa imedumu. Nikamwambia tulimwona akicheza. "Sikuwa nacheza, dada," alisema. "Nilikuwa nakanyaga."

Wazee wa kanisa walimwita Mwalimu, wakamtaka atubu. Alijibu kwamba yuko tayari kutubu kumvunja mtu bega, lakini muziki hautubiwi. Wakamtoa kwenye matarumbeta. Jumapili iliyofuata alikuwa kiti cha nyuma kabisa, suti na mabuti, akiimba besi ya kila wimbo bila kukosea. Hakuacha kanisa hata Jumapili moja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, hakunyooka mahali popote. Mtu huyu aliyependa vurugu hakuweza kuchinja. Siku ya mbuzi alimwita jirani amshikie kisu, naye akapotelea migombani asisikie. Aliwapiga wanafunzi wake shuleni mpaka mwalimu mkuu alimwonya, na wanafunzi wale wale akawashonea viatu. Kila asubuhi alimchemshia Anande maziwa, yeye mwenyewe, akayapeperusha kwa kikombe na kikombe mpaka yakafikia joto analolitaka binti, hata binti alipokuwa mtu mzima aliyeweza kujichemshia. Nilimpenda mtu yule na nilimchukia, na hakunipa nafasi ya kufanya moja likakamilika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa masika, mchana, mvua inapiga bati la banda. Mwalimu alikuwa na Kanda ya Mama na Mwana kichwani kwa wiki nzima, na alitaka Anande aifikie ile sauti ya gitaa la kwanza kwa tarumbeta. Anande alikwenda karibu nayo mara nyingi. Kila mara Mwalimu alisema, "Bado." Mwishowe Anande akaliweka tarumbeta chini.

"Baba, siwezi tena."

"Unaweza."

"Naweza. Sitaki. Zamani ulikuwa muziki, hata kama watu walitukana. Sasa hivi ni wewe tu. Ni hasira zako unatupa sisi tuzipulize."

Mkono wa kushoto ulimpata sikioni. Kiganja kilikuwa kimekunjwa kidogo, kama cha mtu anayeteka maji. Anande hakulia. Alisimama akiangalia mvua mlangoni, kisha damu ikashuka taratibu shingoni ikaingia kwenye kola ya gauni nililomshonea mimi.

Ngoma ya sikio ilipasuka, kisha ikaoza. Hospitali walifanya walichoweza, muda mrefu, na mwishowe daktari akasema sikio la kulia limekwisha. Nilikwenda kumwona na chupa ya chai. Baba yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, koti limemkaa vibaya, na hakuwa amenyoa tangu siku ile. Anande alimweleza daktari, mbele yetu, kwamba sikio halisikii kitu lakini halinyamazi. Kuna filimbi ndani yake. Inalia mchana na usiku, anakula inalia, anasali inalia. Daktari akasema huenda isiondoke. Daktari akatoka.

Mwalimu akainama mbele. Akauliza, "Ni ya juu au ya chini?"

Anande alimtazama. Sijawahi kuona mtu akimtazama mzazi wake hivyo, na sitaki kuona tena.

"Umeniulizaje?"

"Hiyo filimbi. Sauti yake."

Mimi ndiye niliyempiga. Nilimpiga na chupa ya chai, kioo cha ndani kikavunjika na chai ikammwagikia begani, wauguzi wakaja mbio. Hakuinua hata mkono kujikinga. Nilisukumwa nje, na nikiwa koridoni nilikuwa bado namtukana. Kofi lile ningeweza kulisahau siku moja, wanaume wa kwetu wengi walipiga. Swali lile sikuweza.

Anande alipotoka hospitali hakupanda nyumbani. Alishukia Chekereni kwa shangazi yake, kwenye joto na mpunga, akaolewa huko na mkulima mpole asiyepiga filimbi hata akiwa shambani. Kabla mama yake hajaenda kumsihi, aliniita mimi, akaniketisha upande wa sikio zima.

"Manka, nakujua, utaweza kusema bila kulainisha. Mwambie baba asiniletee sale."

Kwa wasio wa kwetu niseme: sale ni lile jani refu la kijani linalopandwa kuzunguka kihamba kuonyesha mpaka. Ukimkosea mtu ukamtumia jani hilo limefungwa fundo, amekuwa amefungwa na yeye. Hata kama umemwulia ndugu, akiletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa, lazima asamehe. Mzazi kumpelekea mtoto ni jambo zito na watu wangeshangaa, lakini likifika limefika.

"Akinitumia nitalazimika," Anande alisema. "Nitasamehe kwa mdomo na hii filimbi itaendelea kulia. Sitaki kulazimishwa na jani."

Nilimfikishia. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akaitika kwa kichwa, akaingia migombani. Kikundi kilikufa siku hiyo hiyo, bila hotuba. Mama Anande alitegemea angalau zile kanda zitatupwa, lakini hazikutupwa. Nilipopita kumsalimu nilimkuta banda limefungwa, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na yeye amelaza sikio lake juu ya spika yake moja. Nikazima.

"Natafuta ni ipi," alisema. "Nataka kujua nimempa kitu gani."

"Umempa uziwi, Mwalimu. Hakuna zaidi ya kujua."

Akaiwasha tena. Nilimwacha. Alifanya hivyo miaka, mpaka naye akawa mzito wa kusikia, ukimwamkia inabidi urudie.

Bei ya kahawa ilianguka, watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Yeye aling'oa masale. Asubuhi moja alianza kwenye kona ya kihamba chake akazunguka na jembe, akayatoa yote na mizizi, akayachoma moto. Jirani yake wa chini alitoka akaona mpaka wao wa tangu mababu umekuwa shimo na majivu. Angefikiri nini? Alifikiri anaibiwa ardhi. Akaja na panga. Alimpiga Mwalimu kwa bapa mgongoni, tena na tena, mpaka mzee akalala kwenye majivu, na mzee alipolala akamshika jirani mguu, akauma nyama ya muundi kwa yale meno yaliyobaki na asiachie. Waliwatenganisha kwa kuwamwagia maji ya mfereji. Wote wawili walikuwa na mvi.

Wazee waliketi kuwapatanisha, nami nilikuwepo kama jirani. Waliamua Mwalimu ndiye aliyeanza, ampelekee mwenzake sale. Mzee mmoja akamletea jani kutoka kwenye kihamba chake mwenyewe, maana kwa Mwalimu halikuwepo hata moja. Mwalimu akarudisha mikono nyuma.

"Nifungeni," alisema. "Nipigeni faini. Hilo jani silishiki."

"Umerukwa na akili? Kwa nini uliyang'oa?" mzee yule akamuuliza.

Alitega kiganja sikioni, swali likarudiwa. Kisha akasema kwa sauti kubwa ya viziwi, kwamba kila asubuhi akitoka nje anayaona. Kwamba mwanawe alimwomba asimpelekee, na ni jambo moja tu ambalo mwanawe amemwomba tangu siku ile. Kwamba amezeeka, anaogopa kufa, na siku yoyote angeshindwa, angechuma moja na kulituma Chekereni, na binti angekuwa amepigwa mara ya pili. "Bora yasiwepo," alisema.

Yule jirani aliyeumwa mguu ndiye aliyeanza kulia.

Nilishuka Chekereni kesho yake. Sikulainisha, nilimweleza Anande kama lilivyokuwa, majivu na meno na yote. Alikuwa anapepeta mchele. Alipepeta mpaka ukaisha.

"Mwambie aje," alisema. "Aje mikono mitupu."

Alikwenda. Nilimsindikiza kwa kuwa mama Anande alihofu ataanguka njiani. Alivaa suti na mabuti kwenye joto lile, akasimama uani asikaribie mlango. Anande akatoka, akasimama naye mbali kidogo. Watoto wakaambiwa waende kucheza.

"Nimekuja kuomba unisamehe," alisema Mwalimu.

"Hapana," alisema Anande.

Nilimjua mtu huyu, nilijua neno hilo lilikuwa linamfanya nini. Mkono wa kushoto uliruka kidogo, akaushika kwa wa kulia.

"Haya," alisema. "Asante." Kisha akauliza, "Naweza kuja tena kuuliza?"

"Njoo. Nitakujibu ninavyojisikia siku hiyo."

Akawa anakwenda. Msimu wa kupanda, msimu wa kuvuna, alishuka akauliza, akajibiwa hapana, akapandisha. Nilimkasirikia Anande, nikamwambia anamchezea mzee. Akanijibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwambia baba yake hapana akabaki salama, na kwamba kila akiisema analala vizuri kidogo. Siku hizo alianza kumpa chakula baada ya jibu. Baadaye wakawa wanakula pamoja. Hawakuzungumzia kanda wala matarumbeta. Mwalimu aliketi upande wa sikio zima, akauliza habari za mpunga.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa haamki. Mama Anande aliniita nimsaidie kumgeuza. Alikuwa amekwisha, shingo ile nene imebaki mishipa, na hakuwa akijibu mtu. Mvua haikuwepo, ilikuwa mchana wa jua, mlango wazi. Anande akaingia. Miaka yote ile hakuwa amepanda Old Moshi. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, na alikuwa amekuja mikono mitupu, bila hata kikapu cha mgonjwa.

"Hasikii, mwanangu," mama yake alisema. "Hata mimi hanisikii."

Anande akapiga magoti. Akaweka mdomo kwenye sikio la baba yake, akasema kwa nguvu, kila mtu mle ndani akasikia:

"Baba, nimekuja mwenyewe. Najua ulikuwa unataka kuja kuuliza."

Macho yakafunguka. Midomo yenye sugu ikajikusanya, ikahangaika, haikutoa kitu. Lakini swali tulilijua sote.

"Hapana," Anande alimwambia sikioni. "Bado, baba."

Mwalimu akatabasamu. Nilikuwepo, niliona. Mkono wa kushoto ukatoka chini ya blanketi, na Anande aliuona unakuja na hakukwepa. Ukatua kwenye sikio lake la kulia, ukalifunika, ukabaki hapo. Akaulalia. Mama yake akatoka kwenda kuchemsha maziwa, na mimi nikatoka nyuma yake, tukawaacha.